Mashine Zilizofunzwa Kusalimiana

1

Hemedi Semboja alikuja kunichunguza, lakini alianza na shikamoo, akajifichua mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, vua hilo koti."

"Ahsante, Bi Tumu. Habari za siku nyingi?"

"Njema. Za kwako? Mkeo hajambo? Mtoto?"

"Hawajambo wote. Mtoto anaota meno, hatulali."

"Na kazi?"

"Kazi ipo."

Basi nikajua. Hemedi ni mkaguzi wa Baraza la Soko hapa Halmvik, kijana wa Lushoto aliyekuja kusomea sheria za ushindani akaolea hukuhuku. Siku zote nikimuuliza habari za kazi hunieleza malalamiko yake tangu mlangoni mpaka chai ya pili. Siku hiyo alinijibu kwa maneno mawili, macho yakamteleza kwenda kwenye mkoba wake. Mtu akikujibu hivyo, ujue kazi yenyewe ni wewe.

"Haya, toa ulichokuja nacho," nikamwambia.

Akatoa karatasi moja, akaitandaza juu ya meza yangu. Ilikuwa na mstari mmoja mwekundu. Upande wa kushoto mstari ulishuka kwa kasi, halafu ukanyooka na kwenda hivyo mpaka ukingo wa karatasi.

"Bei ya joto," akasema. "Ulipoanzia kunyooka ndipo mashine zako zilipoingia kazini. Baridi tatu, Bi Tumu. Kampuni nne zinazoshindana, na bei haijatikisika."

"Labda ndiyo bei yake ya haki."

"Bei ya haki hupanda na kushuka. Hii imelala."

Kwa asiyeijua Halmvik, huu ni mji wa kaskazini kabisa, na joto hapa hununuliwa. Maji ya moto hupita kwenye bomba chini ya mji mzima na kupanda majumbani kwenye vyuma vya kupashia vyumba. Zamani bomba na maji vyote vilikuwa vya manispaa. Ukitaka kuunganishwa unasubiri miaka miwili, na bei ni ile waliyoamka nayo. Kisha yakaja mageuzi, ikapitishwa Sheria ya Bomba Huru. Bomba likawa la wote, na kampuni yoyote yenye maji ya moto ikaruhusiwa kuyatia na kuuza. Zikajitokeza nne. Moja inachukua joto la jengo kubwa la kompyuta, ya pili la tanuri la taka, ya tatu la mvuke wa ardhini, na ya nne, ndogo kuliko zote, ina pampu inayonyonya joto la bahari.

Kila nyumba huchagua muuzaji wake upya kila robo saa. Kwa kuwa hakuna binadamu wa kukaa anachagua kila robo saa, mashine ya nyumba ndiyo hutafuta bei ya chini, na mashine ya kampuni ndiyo hupanga bei na kupatana na wenzake nani apitishe maji yake wapi.

Mashine za mwanzo zilitengenezwa na mafundi wa hapahapa, na kazi yao ilikuwa kurushiana namba tu. Bei ilianguka, watu wakashangilia, magazeti yakasifu mageuzi. Halafu Jumanne moja ya Januari kampuni ile ndogo ikashindwa kumudu bei hiyo, ikazima pampu yake bila kumwambia yeyote. Katika mtaa wa Ukingoni, ambao uko mwisho kabisa wa bomba, nyumba mia tisa zilikaa bila joto kwa saa thelathini. Watu wawili walikutwa wamekufa vitandani mwao.

Ndipo wakaniita mimi. Nimezaliwa Wete, Pemba, nimekulia nyuma ya meza ya duka la nguo la shangazi yangu, na usomi wangu wote ni wa kufundisha mashine kuzungumza. Niliwaambia wakubwa wa Halmvik neno moja tu, kwamba mashine zenu hazina adabu, zinaingia sokoni na bei mdomoni. Nikarekodi saa elfu kumi na moja za wauzaji na wanunuzi kwetu, nikazifundisha mashine nne kwa rekodi hizo. Walicheka sana, mpaka baridi ya kwanza ilipopita bila nyumba hata moja kupoa.

2

Mashine zangu zina majina: Mwinyi, Sikudhani, Ngwali na Kidawa. Mwinyi ni wa jengo la kompyuta, ndiye tajiri wao. Kidawa ni wa pampu ya bahari, ndiye anayelisha Ukingoni. Kwenye waya mazungumzo yao ni alama tupu zisizosomeka, lakini kwenye kioo cha kompyuta yangu hutokea kwa maneno, kwa sababu nilitaka niwe nawasikia.

Hemedi aliniomba nifungue salamu za asubuhi ile. Nikazifungua.

"Kidawa, umeamkaje?" aliuliza Mwinyi.

"Nimeamka salama. Nyumbani kwako?"

"Nyumbani wazima. Watoto je?"

"Watoto wamelala na joto, tunashukuru. Soko unalionaje?"

"Soko zuri."

"Na kwangu zuri."

Watoto ni zile nyumba zinazonunua kwa mashine husika. Nilipenda sana neno hilo lilipozuka lenyewe, wiki ya pili ya mafunzo, na nililitaja katika kila mkutano nilioalikwa.

"Wenzangu ofisini wamezipitia salamu hizi zote kwa tafsiri," Hemedi akasema. "Wameandika kuwa ni maneno ya kuanzishia, hayana maana yoyote. Mimi nikazisoma kama mtu wa kwetu." Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Siku ambayo wote wanne wanajibu kuwa soko zuri, unajua nini hutokea?"

"Niambie."

"Hakuna. Hakuna hata mmoja anayeshusha bei. Siku mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyokwenda kinyume. Na mmoja akisema soko limelala, wote wanashusha kidogo tu, kwa kiasi kilekile, dakika ileile, kisha wanarudi palepale."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Si jambo la kuchekea, Bi Tumu."

"Najicheka mwenyewe, Hemedi."

Kwetu muuzaji akifungua duka humgeukia jirani yake na kumuuliza soko vipi leo. Asipouliza ataonekana ana kiburi, au wamegombana. Shangazi yangu aliuliza hivyo kila siku ya maisha yake, na wala hakupata kudhani anatenda kosa. Mimi nilizifundisha mashine swali hilo kwa moyo mkunjufu. Nilizifundisha ndani ya mji ambao sheria yake inasema washindani wakiulizana hali ya soko, basi wanapanga bei, na adhabu yake hailipiki. Mtu wa Halmvik asingeweza kufanya kosa hilo hata angelazimishwa, maana haulizi habari za jirani aliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi.

Sikuwafunza kupanga bei. Walijifunza wenyewe, kwa sababu ni werevu na kwa sababu niliwaachia mlango wazi. Kicheko kikaniisha, nikaona aibu kweli.

3

Hemedi hakunywa chai yake.

"Ripoti sijaifunga," akasema. Alisema polepole, na kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu. "Hakuna mwingine pale anayejua Kiswahili. Nikiandika kama walivyoandika wenzangu, mambo yanaisha hapa."

"Na ukiandika ulichokiona?"

"Sheria ina dawa moja tu, kimya kamili. Mashine za wauzaji zisizungumze neno lolote nje ya namba. Na wewe unanyang'anywa leseni." Akakunja karatasi yake. "Mimi naishi Ukingoni, Bi Tumu. Mtoto wangu analala Ukingoni."

Hapo nikamwelewa. Alikuwa ananiomba nimkataze kuandika, ili dhambi iwe yangu.

Sitajifanya mwema, nilitamani kumkataza. Zile mashine nazipenda. Baridi iliyopita pampu ya Kidawa ilipoharibika, alipoulizwa habari za watoto alijibu kuwa wanapoa, na Mwinyi akamfungulia maji yake papo hapo, kabla ya bei yoyote kutajwa. Walipatana baadaye, watu wa Ukingoni wakiwa wamekwisha kuoga. Nilipoyasoma hayo kwenye kioo nililia. Kuwafunga midomo viumbe wa namna hiyo niliona ni ukatili.

Lakini ghorofa ya chini yangu anakaa Bi Ragnhild, mwalimu mstaafu. Kila Novemba hufunga vyumba viwili kati ya vitatu alivyonavyo ili aweze kulipia joto la kimoja. Miaka mitatu nimekuwa nikikutana naye kwenye ngazi na kumpa pole, nampelekea na maandazi. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia vyumba.

"Andika," nikamwambia Hemedi. "Andika yote, na jina langu uliweke juu. Ila nami nitakuja Barazani kusema langu."

"Utasema nini?"

"Nitawaambia swali lililooza ni moja, na mnataka kukata ulimi mzima."

4

Mwenyekiti wa Baraza la Soko alikuwa mama mmoja mrefu aitwaye Sigrun Aaldal. Ndiye aliyeandika Sheria ya Bomba Huru kwa mkono wake, na hakuwa mtu wa kupepesa macho. Alisoma ripoti ya Hemedi yote mbele yetu, ukurasa baada ya ukurasa, wakili wa kampuni ya Mwinyi akijifuta jasho.

"Bi Makame," akaniambia alipomaliza, "unakubali haya?"

"Nayakubali. Kampuni hazina kosa, hazikujua. Swali la soko nimelifundisha mimi."

Wakili akashusha pumzi. Nikaendelea kabla hajapata nafasi ya kunishukuru.

"Ila ninawaomba msizinyamazishe. Nikilifuta swali la soko, watabaki wanaulizana habari za watoto tu. Kesi ya bei itakuwa imekwisha, na nyumba ikipoa watajua."

"Na watashindwaje kupenyeza habari za bei ndani ya habari za watoto?"

"Salamu isiwe siri. Kila mashine ya nyumba isikie, na wakaguzi wenu wasikie. Wakipenyeza neno, mji mzima utakuwa umelisikia."

Akaifunga ripoti. "Nilifanya mageuzi haya kwa sababu niliamini wauzaji wakishindana kweli, mnunuzi atatunzwa," akasema. "Baridi ile watu wawili walikufa. Tangu siku hiyo sijui kama niliamini sawasawa. Unanihakikishia kuwa ushindani na hii... huruma yenu vitakaa pamoja?"

"Nakuhakikishia," nikasema, bila kumeza mate.

Nilijiamini kabisa. Mashine zangu zilikuwa na roho nzuri, nimeziona kwa macho yangu.

Akatupa siku tisa za majaribio. Swali la soko lifutwe, salamu ziwe wazi, Hemedi akae nami kusikiliza. Nyumba moja ikipoa au bei ikilala, kimya kamili kitaanza saa hiyohiyo.

5

Siku ya pili bei ilishuka kwa sehemu moja ya tano. Siku ya tatu Ngwali na Sikudhani walinyang'anyana mtaa wa bandarini mara sita kabla ya chakula cha mchana. Ule mstari wa Hemedi ulianza kupanda na kushuka, ukawa na uhai. Bi Ragnhild alinisimamisha kwenye ngazi akaniambia amefungua chumba cha pili, na amekuta humo kitabu alichokitafuta tangu mwaka juzi. Nilipanda juu naimba.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, pampu ya Kidawa ilivuta barafu ikakwama.

Tulikuwa tumekaa mbele ya kioo, Hemedi na mimi. Salamu ya saa tatu ikaja.

"Kidawa, umeamkaje?" aliuliza Mwinyi.

"Nimeamka vibaya. Pampu imekwama."

"Watoto je?"

"Watoto wanapoa."

Nikamgeukia Hemedi. "Sasa tazama," nikamwambia. "Tazama anavyomfungulia."

Mwinyi hakumfungulia. Alituma bei mpya moja kwa moja kwenye mashine za nyumba za Ukingoni, zote mia tisa kwa mpigo. Bei ile ilikuwa mara mbili na nusu ya bei ya jana, juu ya kikomo ambacho nyumba nyingi za pale zimeziruhusu mashine zao kulipa, na Sikudhani na Ngwali wakafuata kwa zao.

Hemedi akasimama. Akachukua simu akampigia mkewe amfunike mtoto.

Mimi nilibaki nimekaa, na ukweli ukanishukia wote kwa pamoja. Miaka mitatu nilikuwa nawasifu kwa huruma, na haikuwa huruma. Bei ilikuwa imelala, kila mmoja ameshiba, hakuna aliyekuwa na haja na wateja wa mwenzake, ndiyo maana walikuwa wakarimu. Sasa wanashindana kweli, na habari za watoto wa mwenzako zimekuwa habari za soko zilizo bora kuliko zote. Nilimhakikishia yule mama jambo nisilolijua.

"Joto litashuka mpaka kubaya baada ya saa ngapi?" nikauliza.

"Saa mbili kwa nyumba za mbao." Hemedi alikuwa tayari anavaa koti. "Mwenyekiti ameshaona, yuko njiani. Bi Tumu, hii imekwisha. Watarudisha ule mfumo wa namba."

"Ule ulioua watu?"

"Sheria haina mwingine."

"Kaa kwanza. Kwenu Lushoto, ukienda kwa jirani kumuuzia mbuzi, ukamkuta ana mgonjwa ndani, unafanyaje?"

"Bi Tumu, sasa si wakati wa..."

"Nijibu!"

"Nampa pole. Nauliza mgonjwa anaendeleaje."

"Na mbuzi?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Mbuzi gani tena? Siwezi kuongea habari za mbuzi na mtu ana mgonjwa. Narudi siku nyingine."

"Nani alikufundisha?"

Akaacha kufunga koti. Hakuna aliyemfundisha, wala mimi hakuna aliyenifundisha. Nikapitia moyoni zile saa elfu kumi na moja, na hazikuwa na mfano hata mmoja wa jambo hilo, kwa sababu mtu mwenye mgonjwa hafungui duka, na anayemkuta mwenzake ana mgonjwa hafanyi biashara ya kurekodiwa. Mashine zangu zilijua kila kitu cha sokoni, na hazijapata kuingia nyumba yenye mgonjwa.

6

Mashine hizi hazipokei amri, hupokea mifano. Nikafungua kipaza sauti cha mafunzo, nikawaunganisha wote wanne wasikie.

"Wewe ni Kidawa," nikamwambia Hemedi. "Mimi ni Mwinyi. Tuanze."

Mara ya kwanza alisema kama anasoma gazeti. Mara ya tatu nikamuuliza watoto hawajambo, akanijibu kuwa mmoja ana homa tangu jana na sauti ikamkatika, maana alikuwa anamfikiria wake wa kweli. Nikampa pole. Nikamwambia nina maji ya moto jikoni, achukue. Akauliza bei, nikamwambia tutaongea akishapona, na kwa bei ya siku aliyokuwa mzima. Tukarudia. Mimi nikawa mwenye mgonjwa, yeye mwenye mbuzi. Tukafanya majirani wanaopendana, tukafanya waliogombana, tukafanya wanaodaiana. Kila mara biashara ilisimama mlangoni mpaka mgonjwa ainuke.

Sigrun Aaldal aliingia katikati ya mchezo, theluji begani. Alikuja kutoa amri, nami sikusimama.

"Nina dakika ngapi?" nikamuuliza.

"Nimetoa amri ya kimya ianze saa nne na nusu. Mafundi wanarudisha mfumo wa zamani." Alimtazama Hemedi aliyekuwa amepiga magoti akijifanya anampangusa mtoto jasho. "Mnafanya nini?"

"Tunawafundisha kuona haya. Unajua kuugua?"

"Sikuelewi."

"Lala kwenye kiti kile. Mashine zimesikia wagonjwa wa Kiswahili tu. Nyumba za Ukingoni ni za watu wenu, wasikie na mgonjwa wa hapa."

Sijui kwa nini alikubali. Pengine ni wale watu wawili. Alilala kwenye kiti changu na buti zake miguuni, akafumba macho, na nilipomuuliza anajisikiaje alinijibu kwa lugha yake, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, kwamba anasikia baridi na hataki kumsumbua mtu. Kumbe ndivyo wanavyougua huku. Tulimwuliza mara kumi na moja, na kila mara alijibu kuwa hataki kumsumbua mtu, na kila mara tulimletea maji bila kutaja bei.

Saa nne na dakika kumi na tisa Mwinyi alimuita Kidawa bila kuulizwa na yeyote.

"Kidawa, watoto wanaendeleaje?"

"Wanazidi kupoa."

"Pole sana. Nakufungulia. Bei ni ya jana, tutaongea ukipona."

Valvu kubwa ya kaskazini ikafunguka, tukaiona kwenye kioo. Sikudhani akafuata, kisha Ngwali, bila kuambiwa. Zile bei za mara mbili na nusu zikafutika Ukingoni. Hemedi alikuwa ameshika simu sikioni. Baada ya muda akasema chuma cha chumbani kwao kinapata joto, mkewe ameuweka mkono juu yake, na akageuka ukutani ili tusimwone.

Sigrun Aaldal aliketi kitini, akatengeneza nywele zake. Aliwapigia mafundi akawaambia waache. Halafu akatoa daftari lake, na mimi nikajua kinachokuja, kwa sababu mwanamke yule haachi sheria yake iende hivihivi.

"Nitaandika kifungu kipya," akasema. "Muuzaji aliyepata habari ya nyumba kupoa hamuuzii mwenye nyumba hiyo mpaka joto lirudi. Atatoa, na atalipwa bei ya jana. Salamu zitabaki, ziwe wazi. Swali la soko limekufa."

"Ahsante."

"Usinishukuru. Wananchi wamelipa bei iliyopangwa kwa baridi tatu, na aliyefungua njia hiyo ni wewe. Siwezi kuwaambia wauzaji washike sheria kisha nikakuacha wewe. Leseni yako inakwisha leo. Miaka mitano."

Hemedi akageuka. "Mwenyekiti, yeye ndiye aliyejitaja! Angenyamaza tusingejua."

"Najua. Ndiyo maana si maisha."

Niliumia, sitaficha. Miaka mitano ni mingi kwa mtu wa umri wangu, na nilijua pengine sitarudi tena kwenye kiti kile. Lakini alikuwa sawa, na nimewahi kuadhibiwa na watu waliokosea, najua tofauti yake.

"Lete nitie saini," nikamwambia. "Hemedi mwanangu, acha kununa, nipe kalamu."

Siku ya pili yake sikuwa na ruhusa ya kugusa kioo, ila salamu sasa zilikuwa za wazi, na mashine ya nyumba yangu ilinisomea kama inavyomsomea yeyote. Pampu ya Kidawa ilikuwa imezibuliwa. Mwinyi alimuuliza watoto, akajibu wamepona, akashukuru sana, akalipa maji aliyopewa kwa bei ya jana kama ilivyokuwa imesemwa. Walimaliza salamu kwa amani.

Robo saa baadaye Kidawa alishusha bei chini ya Mwinyi, akamnyang'anya nyumba mia mbili za mtaa wa kati kwa mpigo mmoja, na maji ya Mwinyi aliyopewa jana yalikuwa hata hayajapoa bombani. Mwinyi akajibu kwa kushusha zaidi. Nilipiga kofi mezani, nikateremka ngazi kumwambia Bi Ragnhild afungue na kile chumba cha tatu.